Mistari Myeusi kwenye Kioo cha Semboja

Ulipouliza pale Chanika, Handeni mjini, chumba cha gemu cha Semboja kiko wapi, watu walikujibu kwanza kwa swali: "Semboja yupi? Yule mwenye TV iliyofunga kilemba?" Wakacheka, halafu ndipo wakakuelekeza. Fuata njia ya mnadani, ukifika kwenye mashine ya kusaga, chumba kinachofuata, chenye pazia la gunia.

Semboja mwenyewe alikuwa anayasikia haya yote. Alikuwa mtu wa kusikia kuliko kusema. Mama yake huko Kwamsisi alizoea kuwaambia majirani kwamba mtoto huyu alizaliwa na maneno yake yote, ila aliyameza siku ile ile ya kwanza. Shuleni mwalimu alipomwita ubaoni alisimama kimya hata kwa hesabu aliyoijua, na akapigwa kwa kujua vile vile alivyopigwa kwa kutojua. Akamaliza darasa la saba, akateremka Korogwe, akaajiriwa kwenye shamba moja la mkonge.

Huko alipata raha ya pekee aliyowahi kuipata. Aliwekwa kwenye korona, ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge ikatoa singa, zile nyuzi zake. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi na kukaza nati. Korona inanguruma hivi kwamba mtu akikusemesha humsikii, na usipomjibu hakuna anayekuona mjinga. Kilicholegea, unakaza. Kikilegea tena, unakaza tena. Semboja alikuwa fundi mzuri wa kukaza.

Yuditha alikuwa upande wa kupiga brashi singa zilizokauka, binti wa Kishambaa kutoka Bungu, mwenye kicheko kilichosikika juu ya mashine. Alimwona huyu kijana akimtazama mwezi wa kwanza, wa pili, bila neno. Siku moja akamsimamia mbele, mikono kiunoni.

"Wewe Mzigua, unanitaka, hunitaki?"

Semboja akatazama viatu vyake.

"Basi usiseme. Tikisa kichwa tu, mengine nitayasema mimi."

Akatikisa. Na kweli mengine aliyasema Yuditha: kwa wazazi, kwa mchungaji, kwa karani wa nyumba za kambi, kwa wauzaji sokoni. Wakapata watoto wawili. Kwa miaka hiyo yote Semboja alikuwa kama mtu aliyeazimwa ulimi mzuri, na hakujua kwamba kitu cha kuazima kina siku yake.

Siku ilifika shamba lilipouzwa kwa wenyewe wapya. Soko huria, walisema redioni. Wenyewe wapya walizima korona mbili kati ya tatu, wakapunguza watu, na nyumba za kambi zikatakiwa wazi. Yuditha akachukua watoto akapanda nao Bungu kwa baba yake, Mzee Mhina, "mpaka upate pa kutuweka," akamwambia mumewe. Hawakugombana. Alimfungia hata nguo zake vizuri.

Semboja alibaki Korogwe akizunguka na mafao yake mfukoni. Ndipo alipochungulia chumba kimoja karibu na stendi, akaona vijana wamejazana mbele ya TV wanacheza mpira wa gemu, na mwenye chumba amekaa pembeni kimya, anapokea hela, anatazama saa, anagusa bega la mtu muda wake ukiisha. Hakuwa anasema lolote. Semboja alisimama pale mlangoni hadi miguu ikamuuma. Kumbe duniani ilikuwepo bado kazi isiyotaka maneno!

Korogwe vyumba vya namna hiyo vilishakuwepo. Kwa hiyo alinunua TV moja nzito yenye chogo, mashine ya gemu na pedi mbili, akapakia vyote kwenye basi la Handeni, akapanga chumba jirani na mashine ya kusaga.

Kazi ilikwenda. Siku za kawaida walikuja vijana wa mjini, siku ya mnada walikuja vijana wa Kimaasai waliokwisha kuuza mbuzi. Hao ndio waliokuwa wateja wa kweli. Wakaegemeza fimbo ukutani, wakavua kandambili mlangoni kana kwamba wanaingia nyumba ya mtu mzima, wakacheza. Alipoona chakula kinapatikana na kodi inalipika, Semboja alituma salamu Bungu, mke na watoto washuke. Jibu likarudi kwa mdomo wa Agripina, jirani wa kule, aliyekuwa akishuka Handeni kuuza tangawizi. Mzee Mhina alikuwa amesema hivi: binti yake na wajukuu hawatakwenda kuishi kwa mtu ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya kioo mchana kutwa, mpaka yeye mwenyewe aione kazi hiyo kwa macho yake. Baada ya mvua atakuja Handeni mnadani kununua mtamba. Siku hiyo atapita. Akiona kazi ni kazi, Yuditha atashuka na watoto. Akiona ni upuuzi, basi.

"Basi maana yake nini?" aliuliza Mama Loyce, aliyekuwa akiuza chai na maandazi hapo mlangoni, maana Semboja asingeuliza.

"Basi ni basi, dada," alijibu Agripina. "Kuna sista anatafuta mpishi wa shule, Tanga huko. Yuditha ameshaitwa. Baba yake anamzuia tu kwa ajili ya huyu."

Tangu siku hiyo Semboja alikuwa anasubiri mvua ziishe, na anaomba zisiishe.

Sasa, katika sidii alizonunua ilikuwamo moja aliyopewa kama nyongeza. Haikuwa mpira wala ngumi. Ilikuwa na askari mmoja, vita vimekwisha, amebaki peke yake, anatembea kurudi kwao. Nchi ni pana, majani makavu, mara mto, mara kijiji kilichoungua. Wateja waliliita gemu hilo Mrudi Kwao. Vijana wa Kimaasai walilipenda kupita yote, kwa sababu ndani yake mtu anatembea na kutafuta maji, na hilo walilijua kuliko mpira.

Lakini gemu hilo lilikuwa na kitu chake. Ulipoliwasha tu, juu ya kioo ulitokea mstari mweusi mnene, na chini ya kioo mwingine, unene ule ule, na picha ikakaa katikati imebanwa. Haikutoka. Ilikuwa hivyo mwanzo hadi mwisho. Ukiweka mpira, kioo kinajaa. Ukirudisha Mrudi Kwao, mistari inarudi.

"Semboja, TV yako imefunga kilemba na msuli!" alisema mtu mmoja siku ya kwanza, na chumba kizima kikaangua kicheko. Jina likakaa.

"Tumelipa TV nzima, tunaonyeshwa nusu," alisema mwingine.

Kuntai, kijana wa Kimaasai aliyekuwa hakosi mnada, alisogea akapima kwa kiganja chake upana wa mstari wa juu, kisha wa chini. "Mzee," akamwambia Semboja kwa heshima, "hapa umetunyima mbingu, na hapa umetunyima miguu ya ng'ombe."

"Katika gemu hili kuna ng'ombe?" aliuliza mwenzake, Lenku.

"Utajuaje? Labda wako hapo chini, kwenye giza."

Wakacheka tena. Semboja akacheka nao kidogo, kwa mdomo tu.

Watu wa Handeni walikuwa na sababu ya kuamini kwamba TV ni mbovu. Mashine ya kusaga ilikuwa ukuta kwa ukuta na chumba hicho. Kila ilipowashwa umeme ulipungua, taa ikawa nyekundu kama kaa la moto, na picha kwenye TV ikasinyaa, ikaacha weusi pembeni. Ilipozimwa, picha ikatanuka tena. Kila mtu aliliona hilo kwa macho yake. Kwa hiyo walijua weusi kwenye kioo maana yake ni nini: TV haina nguvu. Na kama TV inamudu mpira lakini haimudu Mrudi Kwao, basi Mrudi Kwao ni zito, na TV ya Semboja ni dhaifu. Hata Semboja aliona hivyo. Korona nayo ukiilisha majani mengi inazubaa.

Ni mtu mmoja tu aliyesema vingine. Mbaruku, kijana aliyekuwa akileta mitumba kutoka Dar, aliingia siku moja kukwepa jua, akatazama kioo, akaguna.

"Hiyo siyo ubovu, braza. Hiyo ni mbwembwe za waliotengeneza. Wanataka ifanane na sinema, zile za kioo kipana. Hata Dar iko hivyo hivyo. Acha kama ilivyo, ndiyo utamu wenyewe."

"Mwongo huyu," alisema Mama Loyce kutoka mlangoni. "Juzi kaniambia Dar kuna chapati inapikwa na mashine inayoongea."

"Ipo, mama!"

"Na inakusalimia shikamoo?"

Chumba kikacheka, Mbaruku akacheka kuliko wote, na neno lake likapotea humo. Mtu aliyezoea kutia chumvi, siku akileta mchuzi usio na chumvi hakuna anayeonja.

Na ajabu ni kwamba Semboja alikuwa na ushahidi wake mwenyewe, kama angeuamini. Asubuhi, kabla ya wateja, alikuwa akifunga pazia la gunia na kucheza peke yake. Alikuwa anamtembeza yule askari polepole, hamkimbizi. Akiwa peke yake mistari ile haikumkera hata kidogo. Tena aliona kwamba nchi ile ilikuwa pana zaidi kwa sababu ya mistari hiyo, kama vile ukichungulia bonde kwa upenyo wa ubao likaonekana kama nchi nzima, kumbe ungesimama wazi ungeliona bonde tu. Macho yake yalimwambia picha hii imekamilika. Alitamani kumwambia mtu. Yuditha angekuwepo angemwambia Yuditha, naye Yuditha angetoka mlangoni awaambie wote: "Nyie, mume wangu anasema picha ndivyo ilivyo, anayetaka kilemba aende akanunue sokoni!" Na ingekwisha hapo. Lakini Yuditha alikuwa Bungu, na neno lililobaki kooni mwa Semboja halikuwa na nguvu ya kushindana na kicheko cha chumba kizima. Wiki kwa wiki aliacha kuyaamini macho yake, akaamini kicheko.

Mvua zikakatika. Agripina akapita na tangawizi yake, akasema mzee atashuka mnada unaokuja.

Siku zile Semboja hakula vizuri. Alimwona mkwewe akilini, amekaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, na watu wanapiga kelele "kilemba na msuli!" Na mzee anageuka kumtazama: hata hicho kioo ulichomwacha binti yangu kwa ajili yake, ni kibovu? Mama Loyce alimshauri alifiche tu gemu hilo siku hiyo, aweke mpira. Lakini siku ya mnada ndiyo siku ya Wamaasai, na Wamaasai walikuja kwa ajili ya Mrudi Kwao. Ukiwanyima hilo chumba kinakuwa kitupu, na mzee ataona mtu anayekaa mbele ya kioo peke yake.

Basi asubuhi ya mnada aliamka, akafunga pazia, akageuza TV, akafungua chogo kwa bisibisi. Alishawahi kumwona fundi mmoja wa kupita akigusa skrubu moja ndogo humo ndani, picha ikavutika juu na chini. Aliikumbuka ilipo. Akaweka kioo kidogo cha kunyolea ndevu mbele ya TV ili aone akiwa nyuma, akawasha Mrudi Kwao, akaanza kukaza.

Mistari ikapungua. Akakaza. Ikawa kama nyuzi. Mkono wake ulikuwa mtulivu, mkono wa korona. Skrubu ikaanza kuwa ngumu, na kwenye korona ugumu ule ni habari njema, maana yake nati imeshika. Akakaza tena. Kwenye kile kioo cha ndevu akaona weusi wa juu umepanda ukapotea, na wa chini umeshuka ukapotea. Picha imejaa! Semboja akakaa chini nyuma ya TV, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu kambi ya mkonge akasema kwa sauti, peke yake: "Haya."

Mzee Mhina alifika mchana, koti limekunjwa mkononi, kofia kichwani, vumbi la barabara kwenye nyusi. Semboja akatoka nje kumpokea, akainama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe wangu. Hujambo? Kazi inakwendaje?"

"Nzuri, baba."

"Watoto wanakusalimu. Mdogo ana meno mapya, anauma kila mtu."

Semboja akatabasamu, akainamisha uso. Mama Loyce akawahi na chai na maandazi, akafuta benchi kwa kanga yake, akamsifia mzee safari, akamsifia mtamba ambaye hakumwona. Alikuwa anafanya kazi ya Yuditha, na aliijua.

Ndani chumba kilikuwa kimejaa. Fimbo zimepangwa ukutani, kandambili zimejaa mlangoni. Vijana walipomwona mtu mzima wakampisha mbele, wakamwinamishia vichwa awaguse, Mzee Mhina akawagusa mmoja mmoja bila kujua kwamba kwa mkwewe salamu hiyo ilikuwa kama kulipiwa nusu ya mahari. Heshima ile ilimwingia. Akakaa, akaangalia hela zinavyopokelewa, zamu zinavyopangwa, jinsi Semboja anavyogusa bega la mtu na mtu anasimama bila ubishi.

"Wanakusikiliza," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Bila kusema."

"Ndiyo, baba."

Mzee akacheka kwa pua. Ikawa zamu ya Kuntai, akataka Mrudi Kwao. Semboja akaweka sidii. Kioo kikajaa chote, juu hadi chini, na chumba kikapiga kelele.

"Kilemba kimevuliwa leo!"

"Kwa heshima ya mgeni!"

Lakini askari alikuwa amerefuka. Alikuwa mrefu mwembamba kama mlingoti wa mkonge, na farasi aliyekutana naye njiani alikuwa na miguu ya twiga.

"Mbona watu wa humu ni warefu hivi?" aliuliza Mzee Mhina.

"Ni Wamaasai, babu," alisema Lenku, na mzee akacheka mpaka akavua kofia. Semboja aliyekuwa amesimama ukutani aliona bega la mkwewe likitikisika kwa kicheko. Mzee akaendelea kutazama. Akaanza hata kumwelekeza Kuntai: "Usipite huko, kijana, huko kumeungua. Shika mto, mto unakupeleka kwa watu." Kisha akageuka, akamwambia Semboja kwa sauti ya chini, ya mtu anayeanza kukubali, "Nilidhani ni kamari. Hii siyo kamari."

"Siyo, baba."

"Na chumba cha kulala kiko wapi? Watoto watalala wapi?"

Semboja akainua mkono kuonyesha mlango wa nyuma. Na mkono ukiwa bado umeinuliwa, jirani akazima mashine ya kusaga iliyokuwa ikinguruma tangu asubuhi.

Umeme ukarudi kwa nguvu. Taa ikawa nyeupe, picha ikavimba kwenye kioo, askari akarefuka zaidi, kichwa chake kikapita juu kikapotea, na ndani ya TV kitu kikalia tak! kama ukuni mkavu. Picha yote ikakunjika mara moja, juu ikashuka na chini ikapanda, zikakutana katikati. Ukabaki mstari mmoja mweupe mkali, mwembamba kama uzi wa singa, kutoka ukingo hadi ukingo. Kwingine kote giza. Sauti iliendelea. Askari alikuwa bado anatembea, nyayo zake zinasikika kwenye majani makavu, ila hakuna aliyemwona.

"Mzee," alisema Kuntai taratibu akimgeukia Semboja, pedi mkononi, "amekwenda wapi?"

Semboja akapiga TV kwa kiganja ubavuni. Akapiga tena. Harufu ya kuungua ikatoka kwenye chogo. Waliokuwa wakingoja zamu wakaanza kunung'unika, mmoja akataka arudishiwe chake, mwingine akasema TV iliyovuliwa kilemba imepata mafua, na wengine wakacheka. Mzee Mhina hakucheka. Akavaa kofia yake, akasubiri chumba kipungue. Fimbo zikaondoka ukutani moja moja.

Ilitakiwa maneno machache tu. Baba, TV ilikuwa nzima. Nimeiharibu mwenyewe asubuhi hii kwa ajili yako. Itatengenezwa, na chumba kinajaa kila mnada, umeona mwenyewe. Semboja aliyapanga yote kichwani, yamekaa sawa, na hakuna hata moja lililotoka. Mkwe hapangiwi sababu, ndivyo alivyolelewa.

"Hutokea mara nyingi?" mzee aliuliza.

Semboja akatikisa kichwa. Hakuna aliyejua kama ni ndiyo au hapana, pengine hata yeye.

"Fundi yupo hapa?"

"Korogwe, baba."

Mzee akaupigapiga udongo kwa ncha ya fimbo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatafuta mahali pa kushika. "Yuditha kaniagiza jibu," akasema. "Sista wa Tanga anamtaka Jumatatu. Mimi kama baba naweza kumwambia asubiri, kama nina cha kumwambia. Nimwambie nini?"

Mama Loyce alisimama mlangoni na birika, akimtazama Semboja kama unavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea, midomo yake ikisogea.

"Mwambie," alisema Semboja, "ulivyoona."

Mzee akangoja labda kuna lingine. Halikuja. Akaaga vizuri, akamshukuru Mama Loyce kwa chai, akaenda kumchukua mtamba wake.

Siku ya tatu Semboja alipakia TV na mashine kwenye basi, akateremka nazo Korogwe. Fundi alikuwa na kibanda nyuma ya stendi, kimejaa TV zilizofunuliwa matumbo. Akafungua chogo, akapuliza vumbi, akamulika.

"Hapa nani amekaza?"

"Sijui," alisema Semboja. "Niliinunua hivyo."

"Huyo aliyekaza amekuua. Amevuta picha mpaka ikakata pumzi. Vifaa vya TV hii siku hizi havipatikani, labda Dar, labda. Alikuwa anatafuta nini?"

Fundi akaunganisha mashine ya gemu kwenye TV nyingine ya mteja, kubwa, mpya, ili aone kama na yenyewe imeungua. Sidii ilikuwa bado ndani. Mrudi Kwao likawaka, na juu ya kile kioo kipya ukatokea mstari mweusi mnene, na chini mwingine, unene ule ule.

"Mashine yako nzima," alisema fundi.

Semboja akanyoosha kidole kwenye mstari.

"Hiyo? Ndivyo wanavyoliweka hilo gemu, lifanane na sinema. Hakuna TV utakayoliweka likajaa." Akalizima, akarudi kwenye kazi yake. Kwake hilo halikuwa jambo.

Semboja akatoka nje. Gari la Bungu lilikuwa limeegeshwa pale stendi, linajaza. Kwenye dirisha alikuwepo Agripina, magunia yake matupu miguuni, akamwona kabla hajageuka.

"Shemeji! Semboja! Njoo, nafasi ipo hapa. Njoo tupande." Akashusha sauti, ingawa abiria wote walimsikia. "Yuditha hajafunga mizigo. Mzee kamwambia chumba kilijaa watu, kamwambia na TV ilizimika, basi. Yuditha mwenyewe anacheka tu, anasema huyo amekaza kitu, namjua. Anasema akisikia neno moja kutoka kwako, moja tu, sista atatafuta mpishi mwingine. Leo Ijumaa. Panda!"

Semboja alisimama, mkono umeshika ukingo wa dirisha. Aliiona njia yote ya mlimani, migomba, kanisa, nyumba ya Mzee Mhina yenye ua wa michongoma. Akajiona anafika, watu wote wamekaa barazani wanamtazama, wanangoja aseme. Mzee, mama mkwe ndani nyuma ya mlango, watoto. Na Yuditha kimya, kwa mara ya kwanza anangoja yeye aanze.

"Nachukua mzigo kwa fundi," alisema. "Nakuja."

"Fanya haraka, linaondoka!"

Akaenda nyuma ya stendi, akaingia kibandani, akakaa kwenye kigoda kati ya TV zilizokufa. Fundi akainua macho kutoka kwenye kazi.

"Umesahau kitu?"

"Hapana."

Nje utingo alikuwa anaita Bungu, Bungu, Bungu. Sauti ya mwanamke ikaita shemeji, ikaita tena, mara ya tatu ikaita jina lake kamili na la baba yake. Honi ikapigwa. Semboja alikuwa ameinamisha kichwa, viganja vimebana magoti. Gari likanguruma, likageuza, likashika barabara ya mlimani. Alisikiliza mpaka lilipokuwa halisikiki, kisha akakaa pale kidogo zaidi, na fundi, aliyedhani mtu huyu anaumizwa na TV yake, akamwambia pole.